Nyuzi Joto za Kuku

Tangu mwezi wa tisa ulipoingia, upepo wa Chunya umeninyang'anya vitu vitatu: kofia, bati la jikoni na heshima. Kofia niliikuta kwenye mwembe. Bati alilirudisha jirani baada ya kulikuta limelala juu ya banda lake la mbuzi, huku mbuzi wakilitazama kama mgeni asiyebisha hodi. Heshima ndiyo bado naidai, na sababu yake ni kuku.

Mimi ni mzaliwa wa Iringa, kwa hiyo upepo si mgeni kwangu. Makambako nako nimepita mara nyingi, mahali ambapo upepo unavuma hadi watu wakapanga kuuvuna uwe umeme. Lakini upepo wa kule kwetu hukupiga kwa baridi, ukajua umepigwa. Wa Chunya hukunyonya. Unaanika suruali ya jinzi saa nne, saa tano imekauka, saa sita imehamia mtaa wa pili. Midomo inapasuka hata mtu ukisikia kichekesho kizuri unapima kwanza kama kinastahili damu. Ugali unaliwa kwa kusikiliza: tonge likilia "kwaruu", unajua limeungwa na vumbi la barabarani.

Kijiweni kwetu yuko mwalimu mstaafu wa jiografia, mzee ambaye hawezi kunywa kahawa bila kuchora ramani kwa kijiti. Siku moja nilimwuliza kwa nini Chunya tuadhibiwe hivi wakati Tukuyu, kule Rungwe, hawajui hata vumbi ni nini. Akachora. Upepo huu, alisema, unaanzia kwenye mgandamizo mkubwa wa hewa kusini mwa Bahari ya Hindi, kule upande wa Mauritius. Unatoka baharini umebeba maji. Ukifika Rungwe unapandishwa mlima, unapoa, unashusha mzigo. Kisha unavuka safu ya milima ya Mbeya na kutuporomokea sisi huku kaskazini ukiwa mikono mitupu. Na hewa kavu ikishuka mita 1,000 hupata joto la karibu nyuzi 10 zaidi, bila kuwashiwa moto na mtu yeyote.

"Kwa hiyo, Mwalimu," nikasema, "Rungwe wanapata mvua, Mbeya wanapata baridi, sisi tunapata risiti."

"Risiti iliyokauka," akajibu.

Usidhani anatia chumvi. Panda Kosta pale Mbeya mjini, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, uvuke mlima uje huku. Kule juu abiria wote wamejikunyata ndani ya masweta na madirisha yamefungwa. Mkifika Lwanjilo sweta la kwanza linavuliwa. Mkiingia Chunya hakuna anayekumbuka kwa nini alilivaa, na kila wiki kuna anayelisahau garini.

Dada yangu anaishi Ujerumani. Mwezi wa nne alinipigia simu akalalamika kwamba machipuko ya mwaka huo yalikuwa makavu, upepo mtupu. Akaniuliza, "Na nyie huko machipuko yenu ni lini?" Nikataka kumwambia sisi hatuna kitu kama hicho. Majina tuliyokaririshwa shuleni, masika na vuli, ni hesabu ya watu wa pwani wenye mvua mbili. Sisi tuna moja tu, inayoanza Novemba au Desemba na kuaga Aprili. Lakini nikakumbuka miombo. Septemba na Oktoba, wakati hakuna tone la mvua na ardhi ina nyufa za kumeza shilingi, miombo ya Chunya inatoa majani mapya. Hayatoki ya kijani, yanatoka mekundu kama shaba, kilima kizima. Mizizi imekwenda chini kutafuta maji ambayo sisi huyanunua kwa ndoo. Basi machipuko tunayo, ila yanakuja na mchanga wa macho.

Na yanakuja na hasara. Nina kaduka ka madaftari na fotokopi. Mwezi huo huo wa tisa mama mmoja, mweka hazina wa kamati ya harusi, aliniletea orodha ya michango nimtolee nakala. Kisulisuli kikapita. Unakijua kisulisuli: vumbi linasimama wima kama mtu aliyeitwa jina lake, linaingia dukani, linachukua linachotaka, linatoka bila kulipa. Kilichukua orodha. Tuliitafuta hadi jioni. Kesho yake ikaonekana imenasa kwenye ua wa miiba karibu na bomba la maji, imenyooka vizuri, walioahidi upande mmoja na waliotoa upande wa pili. Mji mzima uliokuja kuchota maji ukaisoma. Ndani ya siku tatu madeni yote yakalipwa. Yule mama alinishukuru kuliko mashine yangu ilivyowahi kushukuriwa.

Sasa tuje kwenye heshima. Kijiweni palizuka ubishi. Mzee mmoja alisema zamani Oktoba ya Chunya ulilala na blanketi, siku hizi hata shuka ni adui. Kijana mchimbaji akapinga: joto ni lile lile, na ndani ya duara la machimbo halina msimu. Ubishi wa dhahabu huku unaisha kwenye mizani, kwa kuwa mji wenyewe uliota juu ya dhahabu ya Lupa miaka ya 1920 na 1930. Ubishi wa joto hauna mizani. Nikasema kwa sauti niliyokuja kuijutia: "Nipeni mwezi mmoja na nusu. Nitapima."

Nilinunua kipimajoto Mbeya. Siku ya kwanza nikakitundika chini ya bati la kibanda changu: nyuzi 44. Nilipotangaza, Mwalimu akaniambia nimepima joto la bati. Nikakihamishia kando ya mtungi wa maji, kikasoma 23. Akasema nimepima joto la mtungi. Ndipo akanieleza kwamba wapimaji wa hali ya hewa hutumia kisanduku cheupe chenye kuta za mbao zilizopangwa kama luva, kilichoinuliwa kati ya mita 1.25 na mita 2 kutoka ardhini, hewa ipite na jua lisiingie. Aliyekibuni ni Thomas Stevenson, mhandisi wa Uskoti, baba wa yule Stevenson aliyeandika hadithi tuliyoisoma kwa Kiswahili kama Kisiwa chenye Hazina. Nikaona hii ni ishara: baba wa hazina, na mimi niko Chunya.

Fundi seremala akanitengenezea kisanduku. Kikasimama uani juu ya nguzo, cheupe, kizuri, hata majirani wakauliza kama tumeanza kufuga nyuki. Wiki tatu za kwanza nilipima mwenyewe, saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri na saa tatu usiku. Mambo yalikwenda vizuri, isipokuwa usiku mmoja upepo uling'oa kitasa cha mlango. Nikaufunga kwa kamba ya katani, nikaona yametosha.

Kisha nikaitwa Iringa kwenye harusi ya binamu, iliyogeuka kikao cha ukoo cha wiki tatu. Kazi nikamwachia mpwa wangu wa darasa la sita, mtoto mtiifu sana. Nikamwambia: "Mara tatu kwa siku, soma namba, andika namba. Sitaki hadithi."

Nilirudi katikati ya Oktoba. Mikono ya yule mtoto ilikuwa na vidonda vidogo vidogo. Nikadhani amepigana shuleni, nikamkanya. Kisha nikafungua daftari. Asubuhi 38. Alasiri 38. Usiku 38. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tisa alasiri palikuwa na 29, moja tu, imekaa peke yake kama mtu asiyealikwa. Nikaikata kwa kalamu nyekundu nikaandika pembeni: KOSA.

Sikusubiri chai. Nilikwenda kijiweni na daftari kwapani nikasimama kama mtu wa bajeti. Nikawasomea. Mzee wa blanketi akapiga goti kwa furaha. Mchimbaji akashika kichwa. Mwalimu akauliza polepole:

"Mchana ni 38. Na usiku?"

"Usiku 38, Mwalimu."

Akaweka kikombe chini. "Oktoba katikati jua linapita wima juu ya vichwa vyetu. Tuko nyuzi nane na nusu kusini mwa Ikweta. Saa sita na nusu mchana kivuli chako unakikanyaga mwenyewe. Mawingu hakuna. Joto la mchana nalielewa. Lakini anga likiwa wazi hivi, usiku joto linatoroka juu kama moshi. Likibaki 38 saa tatu usiku, mwanangu, hilo si joto la nchi. Hilo ni joto la mwili."

Tukaenda kijiwe kizima. Nilifungua ile kamba ya katani, ambayo sasa ilikuwa imefungwa kwa fundo nisilolijua. Ndani alikuwa amekaa tetea wa mke wangu, yule mweusi tuliyedhani kicheche amemla, ananitazama kwa jicho moja. Kipimajoto kilikuwa kimeanguka kutoka kwenye msumari. Kilikuwa chini yake, katikati ya maganda ya mayai. Vifaranga tisa vikachungulia.

Nikamwita mpwa wangu. "Kwa nini hukuniambia kuna kuku?"

"Mjomba ulisema hutaki hadithi."

"Na ile 29?"

"Siku hiyo alishuka kunywa maji."

Namba pekee ya kweli ndani ya siku 21 ndiyo niliyoikata kwa wino mwekundu. Mke wangu hakusema lolote; alichukua vifaranga vyake kwenye ungo, akapita katikati ya wanaume kumi na mmoja, akaniachia neno moja tu mlangoni: "Hongera, Baba watoto."

Tangu hapo nikipita mtaani watu wananiuliza leo kuku amesemaje. Nimekubali. Nimejifunza pia jambo ambalo Mwalimu alilisema wakati wengine wakicheka: kujua mwenendo wa joto la mahali, wataalamu hupiga wastani wa miaka 30, na kwa sasa kipindi wanachotumia kulinganishia ni 1991 hadi 2020. Mimi nilikuwa na siku 42, nusu yake za kuatamia. Kwamba dunia inapata joto, hilo limepimwa na wenye visanduku vyenye makomeo: Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kuwa 2024 ulikuwa mwaka wa joto kuliko yote iliyorekodiwa, takriban nyuzi 1.55 juu ya wastani wa 1850 hadi 1900. Mzee wa blanketi huenda hajakosea. Ila asinitumie mimi kuwa shahidi.

Kisanduku kipo. Mlango nimeutia komeo la chuma, na mpwa wangu nimemruhusu hadithi. Leo, saa tisa alasiri, kivulini, bila kuku: nyuzi 31. Ukipita Chunya kabla ya mvua, karibu uani usome mwenyewe. Njoo na miwani ya vumbi, na kofia ifunge kwa kamba.