Alama ya Shangazi

Kikao cha tatu cha kamati ya sendofu ya mtoto wetu kilipofika kwenye kipengele cha kadi, mweka hazina alisoma: kadi 90, shilingi 2,000 kila moja, jumla 180,000. Nikanyoosha mkono. Sijui nani alinituma. "Hizo niachieni mimi. Kompyuta ninayo, printa ninayo." Wajumbe wakapiga makofi, mwenyekiti akaniita mtaalamu, na shemeji yangu, ambaye niliwahi kumtengenezea feni, akatazama dari.

Nilipata kiolezo kizuri kwenye intaneti, kina maua pembeni, tena cha bure. Nilichokuwa sikijui ni kwamba Wamarekani wana karatasi yao, milimita 216 kwa 279. Hii yetu ya A4 ni 210 kwa 297. Maua yakatoka yamekatwa shingo. Nikayafuta yote. Kadi isiyo na maua ina heshima zaidi, nilimwambia mke wangu. Akasema, "Mh."

Kadi ya kukunja nayo ina mtihani wake. Unachapa nje, unasubiri wino ukauke, unageuza karatasi, unachapa ndani. Kugeuza ndiko kulikonishinda. Mimi niligeuza kama chapati, na chapati haina kichwa wala miguu. Manila inavyo. Ukifungua kadi, familia nzima ilikuwa inakualika kichwa chini miguu juu. Nikageuza kwa upande mfupi, nikageuza kwa upande mrefu, nikachora mshale kwa penseli, nikasahau mshale unamaanisha nini. Manila 14 zikaenda na maji. Mwanetu wa darasa la tano akaja, akaitazama printa bila kuigusa, akasema, "Baba, si ugeuze hivi." Ikatoka sawasawa. Nikamtuma dukani akanunue chumvi. Chumvi tulikuwa nayo.

Rangi za sherehe zilikuwa zambarau na dhahabu. Dhahabu kwenye skrini ilikuwa inameta. Kwenye manila ikatoka rangi ya mchuzi wa binzari. Skrini inachezea mwanga, printa inachezea wino, na wino wa kumeta haumo ndani ya printa ya nyumbani hata uigombeze. Zambarau ilianza vizuri. Tatizo ni kwamba printa haina zambarau: inaipika yenyewe kwa kuchanganya samawati na majenta. Majenta ilipoanza kuisha, kadi zikawa zinaelekea kwenye buluu polepole, moja baada ya nyingine, kama mtu anayehama chama bila kutangaza. Ya kwanza ilikuwa zambarau. Ya 30 ilikuwa buluu isiyo na shaka.

Nikaenda kwa kijana anayejaza wino kwa bomba la sindano. Nikajitia kumsaidia. Nilirudi na vidole kama vya mtu aliyepiga kura mara kumi.

Na hapo ndipo nilipoharibu. Kadi zile 30 za mwanzo zilikuwa za dabo, za watu wa kuja na wenzi wao. Zilizobaki 60 zilikuwa za singo. Neno lenyewe linakaa pembeni juu, dogo, na nilitakiwa kulibadilisha kabla ya kuendelea. Lakini wino ulikuwa umerudi! Zambarau ilikuwa inatoka kama tunda lenyewe lililoiva. Nani angekumbuka neno la pembeni? Nikabofya, nikaenda kunywa chai.

Kadi zilishagawiwa zote nilipokutana na mama jirani, akanishika mkono wote. "Ahsante Baba, yaani umemkumbuka hadi mdogo wangu." Jioni fundi viatu naye akanishukuru, akaniuliza kama mtoto mdogo anahesabiwa. Waalikwa 120 walikuwa wamegeuka 180. Sahani ya ukumbini ilikuwa shilingi 15,000. Shemeji alitoa simu, akapiga hesabu kwa sauti mbele ya kikao, 60 mara 15,000, kisha akairudia, eti hakusikika vizuri.

Siku yenyewe kina mama waliingia na sare. Walikuwa wamekwenda kununua vitambaa na kadi mkononi, kama sampuli. Nusu ya ukumbi zambarau, nusu buluu, wamekaa wakiangaliana kama timu mbili zinazosubiri refa.

Kosa moja tu ndilo lililopokewa vizuri. Chini ya kadi niliorodhesha watu wa kupigiwa simu: (a) mwenyekiti, (b) katibu, na wa tatu, Shangazi. Programu ya kuandikia, ikiona herufi c kwenye mabano, inaibadilisha yenyewe kuwa alama ya hakimiliki. Sikuiona. Shangazi aliiona.

"Mwanangu, mbona wenzangu wana herufi, mimi nina kiduara?"

"Shikamoo Shangazi. Hiyo ni ya heshima. Maana yake haki zote ni zako."

Akanyamaza kidogo. "Marahaba. Sasa hapo umesema."

Ukumbini alikwenda moja kwa moja meza ya mbele, ambako hakupangwa, kadi ameishika juu. Hakuna aliyemgusa.

Mwezi uliopita tulianza vikao vya mtoto mwingine. Kipengele cha kadi kilipita bila mjadala: zinakwenda dukani. Shangazi akanyoosha mkono, akasema yeye hajali zinachapwa wapi, ila kiduara chake kisiguswe. Katibu akaandika kwenye muhtasari. Mama Mkubwa, kule nyuma, akauliza cha kwake kiko wapi.