Namna ya Kununua Kinanda Bila Kununua Demo

Ukiingia duka la vyombo vya muziki, cha kwanza kitakachokupata ni demo. Muuzaji akikuona umesimama mbele ya kinanda nusu dakika, atapitisha mkono juu ya bega lako, atabonyeza kitufe kimoja, na duka zima litajaa tarumbeta, besi, ngoma za Brazil na piano inayokwenda mbio kama mtu anayekimbilia daladala ya mwisho. "Umesikia bosi wangu? Hicho ndicho chombo!" Umesikia kweli. Lakini hakuna kidole kilichogusa kibonyezo hata kimoja. Ulichosikia kilipangwa kiwandani, noti kwa noti, na mwanamuziki ambaye hayumo ndani ya boksi. Demo yenyewe utaondoka nayo, watoto wataikariri ndani ya wiki, na baada ya hapo hakuna atakayekuomba uipige tena.

Basi mwombe muuzaji kwa heshima aizime. "Kaka, samahani, naomba tukisikie kikiwa kimya kwanza." Atakutazama vibaya kidogo, mvumilie. Chagua sauti ya piano, bonyeza noti moja, shikilia, sikiliza mpaka iishe yenyewe. Fanya hivyo chini kabisa, katikati na juu kabisa. Sauti ya bei ya chini hujificha kwenye kelele, na noti moja iliyoachwa peke yake haina pa kujificha.

Ninamwandikia mtu mwenye fedha kidogo na hamu kubwa: kijana anayetunga nyimbo chumbani Mbagala au Kayole, mwalimu wa kwaya anayetaka kupanga sauti nne usiku baada ya kazi, mzee aliyestaafu ambaye tangu ujana alitaka kupiga taarab na hakupata nafasi. Watu hawa huambiwa kila siku kwamba wasubiri, wajipange, wakusanye fedha wanunue "kitu cha maana". Nakataa. Kinanda cha bei nafuu ni kitu cha maana, mradi ukichague kwa masikio na vidole vyako.

Lakini jua kwanza unanunua nini, maana madukani vitu vitatu tofauti huitwa kinanda. Kilicho cha kawaida zaidi ni kinanda cha midundo: kina sauti zake, midundo yake na spika zake, ukikiwasha kinalia. Yamaha za PSR na Casio nyingi za CT-S ziko hapa. Halafu kuna sinthesaiza yenyewe, ile inayokupa nafasi ya kuumba sauti: unachagua wimbi, unalichuja, unaamua lianze kwa kishindo au liingie polepole, lizime ghafla au lining'inie. Mfano unaojulikana sana ni microKORG, iliyotoka 2002, yenye vibonyezo vidogo 37 na uwezo wa kutoa noti nne tu kwa mara moja. Mwalimu wa kwaya akibonyeza ya tano, moja kati ya zile nne itamtoroka. Kwa mtu anayependa kuchimba sauti, hiyo hiyo ni hazina.

Cha tatu ni kidhibiti, na hapa ndipo watu wanapolizwa. Kidhibiti kina vibonyezo, kina taa za rangi, kina sura ya kisasa kuliko vyote na mara nyingi bei yake inavutia. Sauti hakina. Akai MPK Mini ya kawaida, yenye vibonyezo 25, kazi yake ni kuiambia kompyuta "bonyeza hapa, kwa nguvu hii", basi. Ukimletea bibi kidhibiti nyumbani ukamwambia utampigia wimbo, mtakaa mkitazamana. Kama kompyuta unayo, kidhibiti ni ununuzi mzuri sana. Kama huna, kipishe.

Sasa idadi ya sauti. Boksi litakuambia sauti 400, au 600 na zaidi, kwa maandishi makubwa kuliko jina la chombo. Humo utakuta piano, ogani na vinubi vya kila namna, filimbi za milimani, mlio wa helikopta na kubweka kwa mbwa. Mbwa utambwekesha siku ya kwanza. Baada ya hapo utaishi na sauti nane, pengine kumi. Kwa hiyo zichague nane zako kabla hujatoka nyumbani, uziandike kwenye karatasi, ukifika dukani uzisikilize hizo tu: piano, ogani, nyuzi, besi, akodioni kama una damu ya taarab, na chochote ambacho nyimbo zako zinakililia.

Nambari inayostahili macho yako imeandikwa kwa herufi ndogo: noti ngapi zinaweza kulia pamoja. Kwenye Yamaha PSR-E273 ni 32, kwenye PSR-E373 ni 48. Unaweza kuuliza, nina vidole kumi, 32 za nini? Washa piano na nyuzi kwa pamoja, kila kibonyezo tayari kinakula noti mbili au zaidi. Washa na mdundo wenye besi na ngoma, nao unakula. Kisha kanyaga pedali ili sauti zibaki. Chombo kikiishiwa, kitaanza kuzikata noti za zamani kimyakimya, na utabaki ukijiuliza kwa nini wimbo wako unavuja.

Jambo ambalo mimi siwezi kulisamehe ni kibonyezo kisichojua tofauti kati ya kuguswa na kupigwa. Kwenye baadhi ya vinanda vya bei ya chini, ukibonyeza kwa upole au ukipiga kwa ngumi, sauti ni ileile. Mkono unaojifunza hapo haujifunzi kunong'ona. PSR-E273 iko hivyo, ndugu yake E373 inahisi mguso. Casio CT-S200 haihisi, CT-S300 inahisi. Vikipangwa rafuni vinafanana, na tofauti ya bei huonekana kama hasara mpaka siku unayotaka kumpigia mtoto wimbo wa kumlaza. Jaribio lake ni rahisi: gusa, kisha piga. Ongeza fedha hapo kabla ya kuziongeza popote pengine. Kama fedha ulizonazo zinatosha kile kisichohisi tu, chukua hicho na uende. Ogani nayo haihisi mguso, na makanisa yamejaa watu waliolia kwa sauti yake.

Vibonyezo 61, yaani oktava tano, vinamtosha karibu kila mtu wa nyumbani. 49 vinabana mkono wa kushoto. 88 ni vya piano na vinataka meza, nafasi na mgongo wa kuvibeba. Vile vidogo vya upana wa kidole cha mtoto vinafaa safarini na kwa kunasa wazo kabla halijapotea, ila mkono uliovizoea hubabaika ukikutana na vya kawaida.

Nataka nikae kidogo kwenye neno "cha watoto", kwa sababu ndilo linalowafanya watu waone haya. Mwaka 1981 Casio ilitoa kinanda kidogo kiitwacho MT-40, chenye vibonyezo vidogo 37 na vingine 15 vya besi upande wa kushoto. Kilikuwa chombo cha sebuleni. Midundo yake ilitungwa na dada mmoja wa Kijapani, Okuda Hiroko, aliyeingia kampuni hiyo mwaka 1980 akitokea chuo cha muziki, tena akiwa mpenzi mkubwa wa rege. Mmoja wa midundo hiyo uliitwa tu "rock". Kinanda kikafika Kingston, Jamaika, mikononi mwa vijana Noel Davey na Wayne Smith. Wakaukuta mdundo ule, wakampelekea prodyuza King Jammy, akaupunguza mwendo, na mwaka 1985 ukatoka wimbo Under Mi Sleng Teng. Muziki wa dansi wa Jamaika ukageuka. Studio zilizokuwa zikiajiri bendi nzima zikaanza kutengeneza biti kwa mashine, na mdundo ule ukarudiwa na waimbaji wengi kuliko ninavyoweza kuwataja.

Tusiende mbali hivyo. Dar es Salaam, vijana wa uswahilini walichukua Casio ndogo za aina hiyo, wakaziunganisha na amplifaya na spika za honi, wakaziweka katikati ya ngoma zilizotokana na ngoma za Wazaramo, wakaupa muziki wao jina la mchiriku. Sauti inayotoka kwenye honi imepasuka, ni kali, inakata usiku mzima wa shughuli ya mtaani. Ile mipasuko ambayo fundi mitambo angeiita kasoro ndiyo inayomfanya mtu asimame acheze. Kundi la Jagwa Music liliupeleka mchiriku huo Ulaya, na albamu yao Bongo Hotheads ikatoka 2012 kwa kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji. Singeli inayotikisa leo ina damu ya mchiriku. Kwa hiyo mtu akikicheka kinanda chako kidogo, usibishane naye. Chomeka spika.

Mpenzi wa taarab ana kazi moja zaidi, na ningependa aifanye kwa makini. Kinanda cha kawaida kinagawa oktava katika hatua 12 zilizo sawa. Lahani za Kiarabu, ambazo taarab ya Unguja na Mombasa imelelewa nazo, zina noti zinazokaa katikati ya hatua hizo. Katika lahani ya rast ukianzia C, noti za E na B hushuka karibu nusu ya nusutoni. Mpiga fidla au udi anaipata kwa kusogeza kidole, na ala ya kanuni ina vishikizo vidogo vya kazi hiyohiyo. Kinanda cha kawaida kitakupa E ya juu au E ya chini, na zote mbili zitamkera mzee anayejua. Vipo vinanda vinavyokuruhusu kushusha noti moja moja: Korg za Pa katika matoleo ya Mashariki, Yamaha PSR-A350 na wenzake. Uliza "toleo la Kiarabu", halafu usiamini jibu mpaka uone kwa macho noti ya E ikishushwa peke yake. Gurudumu la kukunja sauti, kama lile la CT-S300, linasaidia kupamba noti ya uimbaji, ila linazivuta noti zote kwa pamoja, haliwezi kushusha E peke yake ukiwa umeshika noti nyingine. Taarab ya kisasa mara nyingi hupigwa kwa hatua 12 za kawaida na watu wanaipenda. Kama hiyo ndiyo yako, weka fedha zako kwenye mguso.

Tundu la yuesibi ni mlango wa kuingia studio. PSR-E373 na CT-S300 zinalo, PSR-E273 haina. Kupitia waya huo kinanda kinakuwa pia kidhibiti, na ukiwa na kompyuta ya kawaida unaweza kuweka LMMS ya kupanga biti, Surge XT ya kuumba sauti, na Dexed, ambayo inatenda kazi ya Yamaha DX7, ile sinthesaiza ya 1983 iliyoijaza miaka ya themanini piano zake za kioo. Zote tatu ni bure na halali. Wenye iPhone wana GarageBand. Wenye Android wajaribu kwanza, maana kwenye simu nyingi unabonyeza sasa na sauti inafika ikiwa imechelewa, na huwezi kukaa kwenye mdundo namna hiyo. Kinanda cha zamani kisicho na yuesibi kikiwa na tundu la duara la pini tano, usikidharau: hilo ni MIDI, lugha ya 1983 ambayo vyombo vya leo bado vinaisema.

Adapta imeua vinanda vingi. Casio za zamani hutumia volti 9 na katikati ya pini ni hasi. Yamaha nyingi za PSR hutumia volti 12 na katikati ni chanya. Pini zinaweza kuingia vizuri kabisa kwenye tundu lisilo lake. Soma mchoro mdogo ulio karibu na tundu, ule wenye duara na alama za kujumlisha na kutoa, uulinganishe na wa kwenye adapta kabla ya kuchomeka, hata kama muuzaji anasema zote ni sawa. Na ulizia nafasi ya betri. Umeme ukikatika katikati ya beti la pili, betri sita za AA zitakufikisha mwisho wa wimbo. Hedifoni nazo nunua siku hiyohiyo, kwa ajili ya majirani na kwa ajili yako, maana mtu anayejua anasikilizwa hathubutu kukosea, na asiyethubutu kukosea hatungi.

Kama unanunua kilichokwisha kutumika, fungua kwanza kifuniko cha betri, utazame kama kuna kutu au unga mweupe. Zungusha kitufe cha sauti usikie kama kinakwaruza. Kisha bonyeza vibonyezo vyote 61, kimoja kimoja, kutoka kushoto hadi kulia, kwa upole, halafu rudi ukivipiga kwa nguvu. Kisicholia, au kinachopiga kelele hata ukikigusa kidogo, kwa kawaida kina vumbi au uchakavu kwenye mpira wa chini yake. Mara nyingi fundi hukifungua na kukisafisha kwa spiriti, nawe una haki ya kupunguziwa bei. Mwenye chombo atachoka ukifika cha ishirini. Endelea mpaka cha mwisho kulia, halafu ndipo mzungumze bei.