Sifa za Mbadili Difu

Haipasi kumcheka muungwana yule wa Uingereza ambaye, baada ya kuliunda gari lake kwa mikono yake mwenyewe kutokana na vipande vilivyoletwa masandukuni, kama walivyofanya wanunuzi wa Lotus Seven baada ya 1957 ili kuiepuka kodi ya ununuzi, sasa amelala chali chini yake kwa Jumamosi ya sita, akitoa difu yenye uwiano wa 3.92 na kutia ya 3.62, ili injini istarehe kidogo barabarani. Laiti manahodha wetu wangekuwa na himma hiyo, wakalifumua jahazi zima kwa ajili ya msumari mmoja. Au masultani wa zamani wakabomoa kasri ili kusogeza mlango shibiri! Tazama subira yake: washa nyembamba kama ukucha ameibandika kwa grisi kwenye ncha ya kidole, anaipenyeza baina ya chuma na chuma, inaanguka kwa mara ya tisa, naye anashukuru. Mkewe amekwenda sokoni na kurudi kwa miguu, maskini, hajui raha inayomngoja. Nasi twainasihi familia iihifadhi vyema difu kuukuu, kwani mwakani, inshallah, itahitajika kurudishwa.