Mwongozo wa Kuendesha Mji Mdogo: Anzia Chooni

Umechaguliwa mwenyekiti wa kitongoji mjini Ruangwa, umeapishwa udiwani Nachingwea, au umepokea barua ya uhamisho inayosema wewe sasa ni mtendaji huku kusini. Hongera. Pongezi zitakwisha wiki hii. Taka za sokoni zitakuwepo kesho asubuhi, na keshokutwa, na siku ya sikukuu. Kabla hujapigwa picha ukiwa na mkasi mbele ya utepe, soma hatua hizi. Zote zinafanyika, na nyingi hazihitaji mfadhili.

Hatua ya kwanza: jua kilicho chako na kisicho chako, kisha usikitumie kama kisingizio

Siku ya kwanza ofisini utapokea malalamiko ya maji, barabara, umeme, kodi, taka na mbuzi wa jirani. Chukua karatasi uandike nani anashika nini. Maji ya mji wa Nachingwea yako chini ya MANAWASA, mamlaka inayohudumia Masasi na Nachingwea kutoka chanzo cha Mbwinji. Maji ya vijijini yako RUWASA, wakala ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Barabara za mitaa na za vijijini ziko TARURA tangu 2017. Barabara kuu na za mkoa ziko TANROADS. Umeme ni TANESCO. Kodi ya majengo inakatwa kwenye luku, yaani mtu anaponunua umeme.

Halmashauri inabaki na soko, stendi, machinjio, vyoo vya umma, makaburi, taka, zahanati na majengo ya shule za msingi. Ukiitazama haraka utaiona orodha fupi. Ukweli ni kwamba hapo ndipo mwananchi anapokutana na serikali kila siku ya Mungu, akiwa na kikapu mkononi au mtoto mgongoni.

Sasa ile karatasi uliyoandika ina hatari yake. Viongozi wengi huisoma ili wapate jibu la "hilo haliko kwetu". Bomba likipasuka mbele ya soko, mama muuza dagaa hakuulizi herufi za taasisi inayohusika. Anataka maji yaache kuingia kwenye meza yake. Kwa hiyo andika pembeni ya kila taasisi namba ya simu ya meneja wake wa wilaya, mpigie, na umwalike kwenye mkutano wa wananchi ajibu mwenyewe. Meneja aliyewahi kuulizwa swali hadharani hupokea simu haraka.

Hatua ya pili: ielewe kodi ya majengo kuliko anayeilipa

Kodi hii imehamahama. Sheria ya mwaka 1983 iliiweka mikononi mwa mamlaka za miji. Mwaka 2016 ikapelekwa Mamlaka ya Mapato (TRA). Tangu Agosti 2021 inakatwa mtu anaponunua umeme: ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Kiwango cha ghorofa kikafika 7,500 kwa mwezi.

Kwa ukusanyaji, utaratibu huu una faida kubwa: hakuna tena kugonga milango, hakuna mtu anayejificha chumbani akimwambia mtoto aseme baba amesafiri. Lakini umeleta kazi mpya, na kazi hiyo ni yako.

Kwanza, mpangaji. Yeye ndiye anayenunua umeme, kwa hiyo kodi ya mwenye nyumba inatoka mfukoni mwake. Kisheria mlipaji ni mwenye jengo. Waambie wapangaji watunze ujumbe wa manunuzi ya umeme na wakatane na mwenye nyumba wakati wa kulipa pango. Waambie mbele ya wenye nyumba, mkutanoni, ili asiwepo wa kudai hakusikia.

Pili, nyumba moja yenye mita mbili. Inayotozwa ni nyumba, na mmiliki anayekatwa mara mbili ana haki ya kwenda kurekebishiwa.

Tatu, wazee. Mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi amesamehewa kodi kwa nyumba anayoishi. Msamaha huo haujitokezi wenyewe kwenye luku. Lazima ajulikane TRA. Usiwatume wazee mmoja mmoja kwa nauli ya bodaboda kwenda kujieleza kaunta. Mwombe ofisa wa TRA aje siku moja, weka meza chini ya mwembe, waite wazee wote na vitambulisho vyao. Siku hiyo moja itakupa heshima ambayo fulana za kampeni haziwezi kuinunua.

Kuna jambo kubwa zaidi ya hayo matatu. Kodi inapokatwa pamoja na umeme, mlipaji haioni ikiondoka wala haioni ikirudi. Zamani angeweza kusimama mbele ya mtaro ulioziba akasema, "Nimelipa, mbona hamjazibua?" Leo anaponunua umeme anasema TANESCO wamemkata. Kodi ambayo mlipaji hajui ilikokwenda haina mtu wa kuitetea, na ndiyo maana kila kodi ikitajwa mjini watu hununa. Dawa yake ni kusema. Uliza halmashauri inapata nini kutokana na kodi hiyo, isome takwimu mkutanoni, na ionyeshe imefanya nini.

Hatua ya tatu: usiule mwaka mzima mwezi wa kumi na mbili

Miji ya Ruangwa na Nachingwea inaishi kwa shamba. Korosho huingia minadani kuanzia Oktoba. Ufuta huja katikati ya mwaka, kisha mbaazi. Wakulima huuza kupitia vyama vyao vya msingi vya ushirika (AMCOS) na chama kikuu cha RUNALI, kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Tangu mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3, na hapo ndipo halmashauri hizi hupata nguvu zao.

Basi msimu ukiwa mzuri, ofisi huchangamka. Semina huongezeka, chai huwa na sambusa, safari za kikazi hupata sababu. Ikifika Machi, gari la taka halina dizeli.

Mwaka 2018 ulitoa somo ambalo kila mweka hazina wa kusini anapaswa kulikumbuka. Wanunuzi walikataa kupandisha bei, minada ikakwama, na Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi lizisombe. Halmashauri zilizopanga bajeti kwa kutegemea ushuru wa wanunuzi zikabaki zinasubiri. Mji unaotegemea zao moja lazima uwe na akiba.

Fanya hivi. Fedha ya msimu ikiingia, kabla ya kitu kingine chochote tenga ya miezi yote iliyobaki kwa mambo manne: dizeli ya gari la taka, mishahara ya wafagiaji, dawa na usafi wa machinjio, na matengenezo. Kisha pambana na kangomba, ununuzi wa korosho nje ya mfumo. Kila gunia linalonunuliwa gizani kwa bei ya kumnyonya mkulima hupita pia bila ushuru, na mji mzima hulipia hasara hiyo.

Hatua ya nne: anzia chooni

Ukitaka kujua kama mji unaendeshwa, nenda choo cha stendi saa kumi alfajiri, mabasi yanapoanza kuondoka. Kama kimefungwa kwa kufuli na mwenye ufunguo amelala, umepata taarifa kamili ya utekelezaji bila kusoma ukurasa hata mmoja.

Choo cha umma kinataka vitu sita: maji ya uhakika na tangi la akiba, taa, mlango unaofungika kwa ndani, ndoo yenye mfuniko kwa wanawake, mfagiaji anayelipwa kwa wakati, na mtu mmoja anayejulikana kwa jina kuwa ndiye anayewajibika. Abiria hulipa shilingi mia mbili au tatu kila anapoingia. Fedha hiyo itoe risiti, na sehemu yake irudi hapo hapo kununua sabuni. Choo kinachochangia mapato ya halmashauri huku chenyewe hakina sabuni kinadhulumiwa.

Ruangwa ina mtihani wake wa ziada. Tangu Namungo FC ipande Ligi Kuu mwaka 2019, Simba au Yanga wakija Uwanja wa Majaliwa mji hufurika. Nyumba za wageni hujaa, mama lishe huishiwa wali mapema, bodaboda hawalali. Hiyo ni neema, na ina mahitaji: vyoo vya kutosha, mapipa njiani, maji, na mfagio usiku ule ule baada ya filimbi ya mwisho. Ratiba ya ligi hutoka mapema. Ibandike ofisi ya afya kama unavyobandika kalenda ya vikao.

Taka nazo zina kanuni rahisi. Kizimba kikishajaa, saa za kukiondoa zimeshapita. Panga siku za gari, zitangaze, zifuate. Taka nyingi za sokoni ni maganda na majani. Zikitenganishwa zinakuwa mboji kwa wenye bustani, na gari linapunguza safari. Mitaro izibuliwe Oktoba na Novemba, kabla ya masika ya kusini kufika, na bahati nzuri ndiyo miezi ya fedha ya korosho.

Anayeona mambo haya ni madogo akumbuke historia. Kuanzia mwaka 1972 serikali ilivunja halmashauri za wilaya na za miji, na shughuli zao zikashikwa na ngazi ya mkoa na wilaya. Taka zikarundikana, mitaro ikaziba, huduma za miji zikaporomoka, na mwishoni mwa muongo huo kipindupindu kikaingia. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa kwa sheria. Nchi nzima ilibadilisha mfumo wake wa utawala baada ya kuona mji usio na wa kuusafisha unavyoua.

Hatua ya tano: tenga ya ukarabati kabla ya kukata utepe

Nachingwea inajua hili kuliko mji mwingine wowote Tanzania. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa karanga, na Nachingwea ikawa moja ya vituo vyake pamoja na Kongwa na Urambo. Vichaka vikang'olewa kwa matrekta, nyumba zikajengwa, bandari ya Mtwara ikajengwa, reli ikaletwa. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na pauni milioni 36 zikafutwa kwenye vitabu. Mwaka 1962 reli ikafungwa, baadaye ikang'olewa. Fedha zilikuwepo, mitambo ilikuwepo. Hakuna aliyemuuliza mkulima wa hapo udongo ukoje na mvua huja lini.

Kwa hiyo kila ukiletewa jengo, jibu maswali matatu kwa maandishi. Nani aliliomba? Nani atalitunza? Fedha ya kulitunza itatoka wapi mwaka wa tatu? Zahanati mpya isiyo na majibu hayo itakuwa na popo kabla haijawa na mganga.

Hatua ya sita: soma hesabu kwa sauti

Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zimerudia mwaka hadi mwaka jambo lile lile: fedha zimekusanywa kwa mashine za POS na hazikufika benki. Kila inapotokea hivyo, muuza mchicha aliyelipa ushuru wake kwa uaminifu ametukanwa.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe angalau kila baada ya miezi mitatu. Uitishe. Soma mapato na matumizi kwa Kiswahili cha kawaida: soko limeingiza kiasi hiki, dizeli imetumia kiasi hiki, benki kimebaki kiasi hiki. Kisha bandika karatasi hiyo kwenye ubao, mahali ambapo mvua haifiki na macho yanafika. Mgambo wa kukimbizana na wachuuzi atapungukiwa na kazi, kwa sababu mtu aliyeona ushuru wake umeezeka banda la samaki hulipa bila kusukumwa.

Hatua ya mwisho ni ya mwananchi

Nawe msomaji usiye na cheo, una sehemu yako. Dai risiti, hata ya shilingi mia mbili. Usitupe maganda mtaroni kisha ulaumu mafuriko. Mpeleke mzee wako akaandikishwe msamaha wake. Na mkutano ukiitwa, nenda. Ukiwa haujaitishwa kwa miezi mitatu, nenda ofisi ya mtendaji ukaulize tarehe. Halmashauri ni yenu, na fedha inayoiendesha imetoka kwenye korosho zenu, meza zenu za sokoni na luku zenu. Ulizeni imefanya nini, na msiondoke bila jibu.