Mawe Yasiyo na Mnunuzi

Ukisema huku Geita kwamba dunia inazunguka, mtu wa kwanza atakunusa mdomo. Hiyo ndiyo huduma ya kwanza tuliyo nayo. Mimi niligeukia kulia kitandani alfajiri, sijaonja hata togwa, bati likaanza kuzunguka kama pangaboi. Nikakumbatia godoro. Haijafika dakika, likatulia. Mke wangu akauliza kwa upole ule wa kutisha: "Baba watoto, jana ulipitia wapi?"

Hapa kila mtu ni daktari. Jirani mwenye karasha la kusaga mawe akasema presha. Muuza uji akasema malaria imepanda kichwani. Mama mkwe akapiga simu kutoka Kahama kuuliza nimegombana na nani kuhusu shamba. Shemeji, anayeshinda kwenye maduara ya dhahabu ya Nyarugusu, akailaumu zebaki. Huyo angalau alikuwa na hoja, maana mvuke wa zebaki inapochomwa ili ibaki dhahabu huharibu neva, mtu akaanza kutetemeka na kuyumba. Lakini mimi nauza viatu vya mtumba Katoro. Zebaki naisikia kwa wachimbaji tu. Duka la dawa nalo likaniuzia vidonge vya malaria bila kunipima, kisha vya kuongeza damu. Damu ikaongezeka, bati likaendelea kuzunguka.

Daktari aliyenisikiliza nilimpata Shinyanga. Alinilaza ghafla, kichwa kikining'inia nje ya kitanda, akayatazama macho yangu yalivyokuwa yakirukaruka. Akafurahi sana. Mimi nilikuwa natafuta ndoo.

Kumbe ndani ya kila sikio kuna mifereji mitatu iliyopinda, imejaa maji. Ukigeuza kichwa, maji hayo huchelewa kidogo, yakasukuma vinyweleo, ubongo ukajua umegeuka. Jirani na mifereji hiyo kuna kifuko chenye chembechembe za kabonati ya kalsiamu, yaani vijiwe vya chokaa. Umri ukienda, au ukigongwa kichwa, zinabanduka na kutumbukia mferejini. Kuanzia hapo kila ukijigeuza zinaporomoka, zinayavuta maji, na ubongo unapokea taarifa kwamba unazunguka wakati umelala chali. Macho nayo yanaufuata uongo huo.

Aliyetufumbulia siri nyingi za mifereji hii ni Robert Bárány wa Vienna. Alikuwa akiwaosha watu masikio, mgonjwa mmoja akalalamika kwamba maji ya baridi yanampa kizunguzungu. Akaletewa ya moto, akalalamika tena, na safari hii macho yake yakarukia upande wa pili. Bárány akayafuata manung'uniko hayo mpaka yakampatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, habari ikimkuta mateka wa vita huko Urusi. Mgonjwa, aliyefanya kazi yote ya kulalamika, sijasikia kwamba alipewa hata soda. Na yeye alikuwa na bahati: mimi nikilalamika nanuswa.

Tiba yenyewe ndiyo iliyoniudhi. Ilibuniwa na Mmarekani John Epley, wenzake wakamcheka, akaichapisha mwaka 1992. Daktari alikigeuza kichwa changu upande unaoumwa, akanilaza, akasubiri, akakigeuza upande wa pili, akasubiri, akanilaza ubavu, akanikalisha. Basi. Chembe zimerudi kifukoni. Nilikuwa nimebeba nauli ya kufika mpaka hospitali ya Bugando, nimejiandaa kwa mashine za kupiga kelele. Nikatoka sina hata kidonge cha kumwonyesha mama mkwe. Mgonjwa asiye na dawa mkononi, nani wa kumwamini kwamba aliumwa?

Daktari alinionya kwamba zinaweza kubanduka tena, kwa hiyo mke wangu amejifunza kunigeuza, na ananigeuza kwa hasira zaidi kidogo kuliko inavyohitajika.

Shemeji alipopata habari kwamba nimekutwa na mawe kichwani alipiga simu palepale kutoka duarani. "Gramu ngapi, shemeji?" Nilipomwambia ni chokaa, akakata.