Namna ya Kumzidi Ujanja Landilodi Asiyetaja Mafuriko

Unatafuta chumba Kendu Bay, Mbita, au kule Nyatike karibu na Mto Kuja? Ficha dipoziti kwanza, ndugu yangu, unisikilize. Mjini New York, tangu 2023, mkataba wa kupanga lazima useme kama nyumba iliwahi kuharibiwa na mafuriko. Huku kwetu unalipa leo, unaambiwa na maji yenyewe.

1. Usiende Januari. Januari kila ploti ni kavu. Nenda Aprili, asubuhi baada ya mvua ya usiku, na usipige simu kwanza.

2. Zunguka nyuma. Kila mwenye ploti hupenda nyumba ipendeze, lakini rangi huishia mbele. Kule bafuni tafuta mstari wa tope ukutani, uupime kwa goti lako. Tazama milango iliyovimba chini, na soketi zilizohamishwa juu kifuani.

3. Msifu. Hapa ndipo penye kazi. Ukimuuliza kama maji huingia, atakana. Sema hivi: "Mzee, umejenga kweli! Hata 2020 ziwa lilipopanda, hii ilisimama tu?" Mwezi Mei mwaka huo Ziwa Victoria lilipita hata rekodi ya 1964, na hakuna aliyejenga ufuoni asiyekuwa na hadithi yake. Kichwa kitamvimba. Atakueleza maji yalifika wapi, yalikaa wiki ngapi, na alivyowatoa wapangaji kwa mtumbwi. Usimkatize. Itikia tu, "Kweli, Mzee."

4. Nunua nyanya kwa mama mboga wa jirani. Ulizia aliyekaa chumba hicho kabla yako alihama mwezi gani. Kama ni Mei, godoro kichwani, umeshajibiwa.

5. Toa kalamu. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012, kifungu cha 65, inamtaka mwenye nyumba akupe nyumba inayofaa kukaliwa. Mafuriko yakiiharibu isikalike, kodi husimama mpaka itengenezwe. Itaje sheria hiyo kwa upole, kisha umwombe aongeze mstari mmoja: "Nyumba hii haijawahi kuingia maji." Mkweli atatia sahihi. Akianza kutafuta miwani, shika pesa zako upande mlimani.

Anayejua na kunyamaza anawalaza watoto wa watu kwenye njia ya mto, tena anawatoza kodi. Kwa hiyo nawe, siku ukihamishwa na maji, mwachie mama mboga namba yako ya simu, ampe atakayekuja kukiulizia chumba hicho.