Kandambili Yangu na Maji ya Wenyewe

Shangazi yangu anauza vitambaa Tanga, na akienda Jakarta kufunga mzigo, soko lake ni Tanah Abang. Safari hii alitaka mtu wa kumbebea mabegi na kumhesabia rupia, maana noti kubwa ya kule ni ya 100,000 na sifuri zote hizo humchosha macho. Ujira niliahidiwa: tukimaliza sokoni tutaruka hadi Bali, tukae kijijini, tupumzike. "Mwanangu umechakaa," aliniambia. "Unahitaji pahala pa kulala." Mtu akiambiwa na shangazi yake kuwa amechakaa, habishi.

Kijiji chenyewe ni Sidemen, wilaya ya Karangasem, mashariki ya kisiwa. Ni bonde la majaruba ya mpunga yaliyopangwa ngazi kwa ngazi, na juu yake umesimama mlima Agung, volkano yenye kimo cha zaidi ya mita 3,000. Ulilipuka vibaya mwaka 1963, ukaamka tena 2017. Wakati wetu ulikuwa umetulia, na katika yote niliyoyaona kule, mlima ndio peke yake uliokuwa likizo.

Kwanza, majogoo. Jogoo wa Bali hazururi. Hukaa ndani ya tenga lake kando ya njia, atazame wapita njia asije akapata upweke. Kamari ya kupiganisha majogoo imepigwa marufuku Indonesia tangu 1981, lakini damu kidogo kwenye ibada ya hekalu inaruhusiwa, kwa hiyo jogoo ni kiumbe mwenye wadhifa, na huanza kazi saa tisa usiku. Jioni mwenye nyumba wetu alimpakata wa kwake, akamwogesha, akamkanda mapaja taratibu huku akimnong'oneza. Mimi kukandwa nililipia, na hakuna aliyeninong'oneza chochote.

Majogoo wakinyamaza, zinaanza fagio. Fagio zikiisha, linagongwa gogo la kuitana kikao. Kikao kikiisha, vijana wanafanya mazoezi ya gamelan, ngoma za shaba ambazo kwa mbali ni tamu sana. Sisi hatukuwa mbali.

Nilipoona uani hapalaliki, nikaenda kutembea shambani. Hapa inabidi nieleze kidogo. Maji ya Bali si ya mtu. Wakulima wanaonyweshea kutoka mfereji mmoja huwa katika chama kiitwacho subak, utaratibu wenye umri wa miaka ipatayo elfu moja, ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2012. Mfereji ukifika penye mgawanyo hukuta gogo lililochongwa mapengo, na upana wa pengo ndio haki ya mtu. Nani apande lini na nani apumzishe shamba lini, hayo hujadiliwa pamoja hekaluni, na chama kina mkuu wake, pekaseh. Miaka ya 1970 wakulima walihimizwa wapande mfululizo bila kungojana. Wadudu wakafurahi, maana kila walipohama shamba moja walikuta jingine changa linawasubiri, na mwishowe ikabidi utaratibu wa mahekalu uheshimiwe. Yaani ni mfumo uliowashinda hata wataalamu wenye kalamu. Ila wazee wale, kwa busara yao yote, hawakuwa wametenga pengo kwa ajili ya kandambili kutoka Tanga.

Ukingo wa jaruba una upana wa mguu mmoja, na mimi ninayo miwili. Mbele yangu likatokea kundi la mabata linarudi kazini (ndiyo, nao wana kazi, wanakula konokono na wadudu baada ya mavuno), likichungwa na mzee mwenye fimbo ndefu yenye kitambaa cheupe nchani. Mabata hawakuonyesha dalili ya kupisha. Nikapisha mimi. Mguu ukazama mferejini hadi gotini, ukarudi peke yake.

Nikachechemea hadi nyumbani nikidhani nimepata hasara ya kandambili moja tu. Kumbe mwenzenu nimevuruga mgao wa maji. Kandambili ilielea hadi penye gogo, ikajibana katika pengo, na mzee mmoja akaona shamba lake linakauka huku la jirani linafurika. Kwingine hapo ungesikia mapanga. Mzee hakusema neno. Aliufuata mfereji kwa miguu, polepole, kama mtu anayetafuta mbuzi wake, mpaka akaikuta. Ilikuwa namba 45, rangi ya kijani, na kijiji kizima kina miguu midogo. Hapakuhitajika upelelezi.

Ililetwa jioni na ujumbe wa watu watano, imeoshwa, inang'aa kuliko nilipoinunua. Nikauliza nani aliyeiokota nimshukuru. Wakasema Made. Sasa, watu wa kule wengi huitwa kwa mpangilio wa kuzaliwa: Wayan wa kwanza, Made wa pili, Nyoman wa tatu, Ketut wa nne, na wa tano anarudi kuwa Wayan. Nilishukuru kina Made hadi siku ya kuondoka, na wengine walipokea shukrani bila kujua wametenda wema gani.

Wakati huo Shangazi alikuwa ameshapata ajira. Wanawake wa kule hawakai bure: mikono inasuka visahani vya makuti machanga, vinatiwa maua na wali kidogo na kijiti cha udi, vinawekwa mlangoni, ngazini, hata juu ya pikipiki. Shangazi amekua akisuka ukili, hakuweza kuvumilia kutazama tu. Akavuta mkeka. "Ibada ni yao," aliniambia nilipomkodolea macho. "Mimi nasuka sahani." Hawakuwa na lugha moja, lakini vicheko vyao nilivisikia hadi kitandani, nilikokuwa najaribu kupumzika.

Vicheko hivyo vilikuwa na hesabu ndani yake. Sidemen ni kijiji cha wafumaji. Vitambaa vyake, songket yenye nyuzi za dhahabu na endek, vinasifika kisiwani kote. Ilipofika siku ya tatu ya kusuka visahani, Shangazi alikuwa anauziwa kwa bei ya jamaa, na mabegi yangu yalikuwa yamezaa.

Kisha ikaja Nyepi, mwaka mpya wa kalenda ya Saka. Usiku wa kuamkia siku hiyo vijana walibeba mazimwi makubwa yenye meno na maziwa ya kutisha, wakayazungusha kwenye njia panda ili mashetani wapotee dira, na masufuria yakagongwa mpaka nikasahau majogoo. Ilipogonga saa kumi na mbili asubuhi, kimya. Kwa saa 24 hakuna moto wala taa, hakuna kazi, hakuna safari, hakuna starehe. Uwanja wa ndege wa kisiwa unafungwa, na tangu 2018 hata intaneti ya simu inakatwa. Pecalang, sungusungu wa kule, wanazunguka wamevaa vitambaa vya miraba myeusi na myeupe kuhakikisha mgeni na mwenyeji wametulia.

Ndiyo likizo niliyoahidiwa, na imewekewa walinzi. Shangazi alikula wali wake wa baridi, akaswali, akalala, akaamka kuswali, akalala tena. Mimi hadi adhuhuri nilikuwa nimezihesabu boriti za paa. Alasiri nikamwamsha nimuulize kama hasikii joto. "Nasikia kelele," alijibu.

Usiku ukaingia mweusi tii. Nikahitaji kwenda msalani. Nikavumilia, nikashindwa, nikawasha tochi ya simu kidogo tu, nimeifunika kwa kiganja, na bado nikapiga teke ndoo ya bati. Ilibingirika ngazi zote. Hazikupita dakika mbili, pecalang wawili walikuwa barazani, wamesimama kwa adabu, mikono nyuma. Kabla hawajauliza lolote, Shangazi alitoa mkono nje ya shuka, akanyoosha kidole upande wangu, akaurudisha.

Mkubwa wao alinitazama usoni, kisha akaiteremsha kurunzi yake hadi miguuni pangu, akamnong'oneza mwenzake. Katika maneno yote nilishika moja tu: subak.